Chokea haibanwi

Wazee wangu, shikamooni. Akina mama na akina baba, vijana wangu, habari za saa hizi.

Nawashukuru kwa kuja. Watu wakiitwa kusikiliza habari za moyo, za kisukari au za saratani, ukumbi hujaa. Chokea nani huiitia mkutano? Wengi huiona ni kijipele tu cha kwenye kope, kinakuja na kinaondoka. Lakini nimeuguza macho ya watu kwa miaka mingi, na sijaona ugonjwa mdogo ambao watu huukuza kwa mikono yao wenyewe kama huu. Wengi ninaowapokea hawaletwi na chokea. Wanaletwa na kile walichoifanyia hiyo chokea.

Naomba nianzie nyumbani kwangu, asije mtu akadhani nimesimama hapa kuwasema wasiojua.

Mwanangu wa pili alikuwa na miaka sita. Aliamka siku moja kope la juu la jicho la kushoto linamwasha, akawa analifikicha. Kesho yake likavimba. Siku ya tatu kikajitokeza kichwa cha njano, kidogo kama kichwa cha pini, pale pale unywele wa kope unapochomoza. Mimi nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, nimechoka, na mtoto analia kwamba jicho linamchoma. Nilijua la kufanya. Mchana wa jana yake tu nilikuwa nimemweleza mgonjwa mwingine jambo lile lile. Lakini kile kichwa cha njano kilikuwa kimeiva, kinaniangalia, na nikajiambia kwamba nikikitoa tu mtoto atalala. Nikakishika kwa kucha mbili, nikabana. Usaha ukatoka, kidogo sana. Mtoto alipiga yowe mara moja, halafu akanyamaza, akalala. Nikaona nimemsaidia.

Kulipokucha jicho lilikuwa limefumba kabisa. Kope lote limevimba linang'aa, uvimbe umeteremka mpaka shavuni, na mwili unachemka. Alilazwa siku tatu, dawa zikipitia kwenye mshipa. Alipona, na leo ni mtu mzima mwenye macho mazima, namshukuru Mungu. Lakini siku zile tatu nilikaa kando ya kitanda nikiviangalia vidole vyangu. Hakuna mtu mwingine wa kumlaumu. Ndiyo maana nikialikwa kuzungumzia chokea sikatai, hata kama waliokuja ni watu watano.

Sasa tuingie kwenye kope lenyewe, maana ukijua kilichomo humo hutahitaji mtu wa kukukataza kubana.

Mkirudi nyumbani, simameni mbele ya kioo penye mwanga wa kutosha, mnawe mikono, kisha mteremshe kope la chini kidogo kwa kidole. Angalieni ule ukingo wake. Mbele kuna mstari wa nywele. Nyuma ya nywele, karibu na jicho lenyewe, kuna vitundu vidogo vimepangana kama matundu ya sindano kwenye pindo la nguo. Hivyo ni vinywa vya tezi za mafuta. Kila tezi imelala ndani ya kope, ndefu na nyembamba, na kinywa chake kinafungukia pale ukingoni. Kope la juu lina tezi hizo kati ya 25 na 40, la chini lina kama 20 mpaka 30. Tabibu wa Kijerumani Heinrich Meibom alizieleza mwaka 1666, na mpaka leo zinaitwa kwa jina lake, tezi za Meibom.

Kazi yake ni nzuri ajabu. Kila unapopepesa, kope linazikamua kidogo, zinatoa mafuta, na mafuta hayo yanatandazwa juu ya machozi kama utando mwembamba sana. Bila utando huo machozi yangekauka haraka na jicho lingekwaruza mchana kutwa. Kisha kwenye mashina ya zile nywele kuna tezi nyingine ndogo zaidi, za mafuta na za jasho, nazo zinafanya kazi yao kimya kimya.

Tezi hizi zina adui mmoja mkubwa, nalo ni kuziba. Mafuta yakiganda, au ngozi iliyokufa ikijikusanya mlangoni, kilichomo ndani kinakosa njia. Hapo anaingia mdudu. Mara nyingi ni bakteria anayeitwa Staphylococcus aureus, na msimwogope kwa jina lake refu, maana mnaishi naye. Katika kila watu kumi, kama watatu wanaye puani wakati wowote bila kuumwa chochote. Kidole kinatoka puani kinakwenda jichoni, na mdudu amepata usafiri. Akikuta tezi iliyoziba, amekuta chumba chenye chakula na mlango uliofungwa. Mwili nao unapeleka askari wake, chembe nyeupe za damu, vita vinapiganwa mle ndani, na wanaokufa pande zote mbili ndio ule usaha mnaouona.

Ikianzia kwenye shina la unywele, hiyo ni chokea ya nje. Kichwa chake kinaelekea nje na mara nyingi kinapasuka chenyewe. Ikianzia kwenye tezi ndefu za Meibom, ni chokea ya ndani. Hiyo inauma zaidi, inachukua muda zaidi, na ukiligeuza kope ndipo unaona doa la njano upande wa ndani. Kwa zote mbili, dawa ya kuanzia ni ile ile.

Kwa nini kubana ni hatari? Fikirieni kifuko kidogo cha usaha, ukuta wake mwembamba, kimekaa katikati ya nyama laini kuliko karibu nyama yoyote ya mwili. Ngozi ya kope ni nyembamba kuliko ngozi yoyote uliyo nayo, na chini yake mmelegea, ndiyo maana hata mtu akilia sana kope zinavimba. Unapobana, tone moja linatoka nje nawe unafurahi. Lakini nguvu ile ile imesukuma pia kuelekea ndani, ukuta umepasuka upande usiouona, na usaha sasa unatembea kwenye nyama iliyolegea isiyo na kizuizi. Hicho ndicho kilichompata mwanangu. Tena mishipa ya damu ya eneo hili la uso inaungana na mishipa ya nyuma ya jicho, na hiyo inapeleka damu kwenye mishipa mikubwa iliyo chini ya ubongo. Ni nadra maambukizi kusafiri mpaka huko. Lakini yakisafiri yanaua, na hakuna kijipele cha kope kinachostahili mtu aichezee bahati hiyo.

Basi tufanye nini? Joto. Joto lenye unyevu, la kiasi, kwa muda wa kutosha, mara nyingi kwa siku. Nikilisema hivi najua wako wanaoguna moyoni: tumeacha kazi zetu kuja kuambiwa kitambaa cha maji ya moto? Ndiyo, kitambaa cha maji ya moto. Na kwa sababu karibu kila mtu ninayemwuliza anasema alishajaribu hakikusaidia, leo sitaeleza kwa mdomo tu. Nimekuja na bakuli, chupa ya chai yenye maji ya moto, na vitambaa viwili safi.

Nimemwona kijana pale mstari wa pili, kope la chini la kulia limevimba. Mwanangu, hujambo? Usione haya, nusu ya waliopo humu wamewahi kuipata. Unakubali uje hapa mbele? Ahsante sana. Ina siku ngapi? Siku mbili. Unaona vizuri? Ukizungusha jicho huku na huku, linauma ndani? Haliumi. Homa huna. Vizuri, kaa hapa.

Kwanza mikono. Yangu na yako, kwa sabuni, na kucha zisisahaulike. Sasa namimina maji ya moto na kuchanganya na ya baridi. Kitambaa nakichovya, nakikamua kisichuruzike. Angalieni ninapokijaribu: hapa, ngozi ya ndani ya kifundo cha mkono. Kiganja msikiamini, kiganja kimezoea kushika vyombo vya moto, kitakuambia poa wakati kope linaungua. Hapa kwenye kifundo nataka joto la kupendeza, joto ambalo ungeweza kulivumilia bila kuuondoa mkono. Kwa vipimo ni kama nyuzi 40 za Selsiasi. Mwanangu, fumba macho. Kiweke mwenyewe, kilale tu juu ya kope, usikandamize. Kinachoma? Sawa. Naomba mwenye saa anihesabie muda kuanzia sasa.

Wakati yeye amekishika, niwaeleze joto linafanya nini mle ndani. Mafuta ya tezi nzima huyeyuka kwa joto la kope lenyewe, hayahitaji msaada. Mafuta yaliyoganda yakaziba yanahitaji joto la juu kidogo kuliko lile la mwili ndipo yalainike. Ni kama mafuta yaliyoganda kwenye mdomo wa chupa: ukitia kijiti unayashindilia ndani, ukiiweka chupa penye joto yanateremka yenyewe. Pili, joto linaita damu, na damu inaleta askari wengi zaidi. Usaha unakusanyika, unaiva, unatafuta njia fupi ya kutoka, na njia hiyo huwa ni ukingoni kwenye nywele, mahali pasipoacha kovu. Yaani kile ulichotaka kukifanya kwa kucha kitafanyika, ila kitapitia mlango wake.

Muda? Dakika mbili. Mwanangu, kiguse kitambaa upande wa jichoni. Umesikia alichosema? Kimepoa. Dakika mbili tu! Sasa mnaona kwa nini mtu anasema alijaribu hakikusaidia. Alikiweka kitambaa, kikapoa kabla mafuta hayajalainika, akaendelea kukishikilia kitambaa baridi kwa dakika nane zilizobaki, au alikitoa akaenda zake. Ndiyo maana nimekuja na vitambaa viwili. Cha pili kilikuwa kwenye maji muda wote huu, nakikamua, najaribu kwenye kifundo, tunabadilishana. Kila dakika mbili, mpaka zitimie kumi. Mara tatu au nne kwa siku. Wenye haraka watauliza kama mara moja usiku inatosha. Haitoshi.

Kwa mtoto, shika kitambaa wewe na uanze kwa kukiweka kwenye kope lako mwenyewe akiwa anakuona. Umwimbie, umsimulie hadithi, dakika zipite. Na jambo moja nalikataza kabisa: kumwinamisha mtoto juu ya bakuli au sufuria la maji yanayochemka eti mvuke umwingie jichoni. Bakuli likipinduka, chokea ya wiki moja imegeuka kidonda cha moto cha maisha. Wala msichemshe kitu kigumu mkakibandika kwenye kope, kwa sababu ndani kinahifadhi joto kuliko unavyodhani.

Endelea, mwanangu, badilisha.

Nizungumzie dawa, kwa kuwa najua ndilo swali linalosubiri. Mtu akivimba jicho, hatua yake ya kwanza huwa ni dirisha la duka la dawa. Anasema, nipe dawa ya jicho. Anapewa kichupa cha matone au tyubu ya marhamu yenye antibaiotiki. Marhamu hayo kwa kawaida hayana madhara makubwa, na ikiwa ukingo wa kope umechafuka au chokea imeanza kuvuja, daktari anaweza kuyaandika. Lakini kwa chokea ya kawaida iliyofunga, dawa ya juu ya ngozi haiingii vizuri kwenye kifuko cha usaha kilichojificha ndani ya tezi. Mwaka 2017 watafiti wa Cochrane, wanaokusanya na kupima majaribio ya tiba kutoka duniani kote, walitazama upya tiba zisizo za upasuaji za chokea ya ndani. Hawakupata hata jaribio moja lililokidhi masharti yao. Nawaambia hili kwa uaminifu, kwa kuwa linagusa hata kitambaa changu hiki. Tunakitegemea kwa sababu tunajua tezi inavyofanya kazi, kwa sababu ya uzoefu wa muda mrefu, na kwa sababu kikifanywa vizuri hakimdhuru mtu. Antibaiotiki haina sifa hiyo ya tatu. Kila mara tunapoitumia bila haja tunawafundisha bakteria kuizoea, na siku tutakapoihitaji kweli itatukatalia.

Antibaiotiki za kumeza zina mahali pake: uvimbe ukitoka kwenye kijipele ukasambaa kwenye kope zima na ngozi inayolizunguka. Hapo usibaki nyumbani na kitambaa.

Sasa kuna kichupa kimoja nataka mkiogope, na nitasema taratibu. Ni matone yenye steroidi. Ukiyatia leo, kesho wekundu umepungua, na mtu anayaona ni muujiza. Kilichotokea ni kwamba umewanyamazisha askari wa mwili huku mdudu yuko pale pale. Ukiyatumia kwa wiki nyingi bila mtu wa kupima jicho lako, presha ya ndani ya jicho inaweza kupanda kimya kimya, ikaua mshipa wa kuonea, hiyo ndiyo glakoma. Yanaweza pia kuleta mtoto wa jicho. Na kama wekundu ule haukuwa chokea, ulikuwa virusi vya malengelenge kwenye kioo cha mbele cha jicho, matone hayo yanavipa nafasi ya kukila kile kioo. Nimekutana na watu waliopoteza kuona kwa sababu ya kichupa walichoazimwa na jirani mwema. Kwa hiyo dawa ya jicho ya mtu mwingine haiazimwi, hata kama macho yenu yanafanana wekundu. Na ukipewa matone, uliza bila woga: yana steroidi haya? Kwa muda gani? Nitarudi lini kupimwa?

Maumivu yakizidi, dawa ya kawaida ya maumivu kama parasetamoli, kwa kipimo cha umri, inatosha. Mate, mkojo, maziwa ya mama, maji ya majani, yote haya nimeyakuta kwenye macho ya watu, na karibu kila mara aliyeyatia alikuwa mtu anayempenda mgonjwa. Lakini jicho halina namna ya kumtofautisha mdudu aliyeletwa kwa upendo na aliyekuja mwenyewe. Msiyatie.

Ngapi sasa? Sita. Badilisha tena, mwanangu. Maumivu yamepungua kidogo, eh? Huwa yanapungua.

Akina dada, na siku hizi si akina dada peke yao: chokea ikitoka, wanja na maskara vipumzike mpaka ipone. Na vile ulivyokuwa unavitumia siku ilipotoka, vitupe. Najua vinauma mfukoni. Lakini brashi iliyogusa ukingo ule imerudi ndani ya kichupa na mdudu wake, na kila asubuhi utakuwa unampaka upya. Hata bila chokea, maskara ikifikisha miezi mitatu tangu ifunguliwe imemaliza kazi yake. Wanaovaa lenzi za jichoni wavae miwani kwanza. Taulo la uso na foronya ya mgonjwa visichangiwe na vifuliwe kwa maji ya moto. Chokea yenyewe haimrukii mtu aliye pembeni, kwa hiyo mtoto aende shule, ila taulo lake libaki lake.

Niseme lini kitambaa kiwekwe chini na safari ianze, na hapa naomba masikio yote. Uvimbe ukivuka kope ukaenda shavuni au kwenye paji. Homa ikipanda. Jicho lenyewe likiuma unapolizungusha, au likionekana limesukumwa mbele kuliko mwenzake. Ukianza kuona vitu viwili viwili, au ukungu usioondoka hata ukipepesa. Lolote kati ya hayo ni siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, na kwa mtoto mdogo ni hima zaidi, maana maambukizi yakifika nyuma ya jicho yanahesabiwa kwa saa. Mtoto mchanga mwenye kope lililovimba asitibiwe nyumbani hata kidogo, apelekwe.

Nje ya hayo, chokea nyingi hupasuka zenyewe ndani ya siku chache, na kwa wiki moja au mbili zimekwisha. Ikipasuka, futa kwa pamba safi na maji yaliyochemshwa yakapoa, kutoka pembe ya puani kuelekea nje, pamba moja mfuto mmoja. Endelea na joto siku mbili tatu. Ikigoma, daktari anaweza kuung'oa ule unywele mmoja ambao shina lake limeoza, usaha ukapata njia, au akaipasua kwa kifaa kilichosafishwa, jicho likiwa limetiwa ganzi. Hiyo ni kazi ya daktari na vifaa vyake. Sindano ya kushonea iliyopitishwa kwenye moto haihusiki.

Kuna nyingine haipasuki. Maumivu yanakwisha, wekundu unakwisha, na kinabaki kijiuvimbe kigumu, kinachoteleza chini ya ngozi ukikigusa. Hicho si chokea tena, madaktari wanakiita kalazioni. Majina haya yana maana nzuri ya kukumbukia: Walatini waliiita chokea punje ndogo ya shayiri, na kalazioni kwa Kigiriki ni punje ndogo ya mvua ya mawe. Ya kwanza ina moto ndani yake, ya pili ni baridi. Ndani ya kalazioni hakuna vita na mdudu, kuna mafuta yaliyotoka kwenye tezi yake na mwili umeyazungushia ukuta. Antibaiotiki haina cha kuua humo. Joto lile lile linasaidia, safari hii ukimaliza dakika kumi unapitisha kidole kimoja safi taratibu kuelekea kwenye nywele: kope la juu unashuka, kope la chini unapanda. Kidole kimoja, kinateleza. Ukitumia viwili umerudi kwenye kubana. Inaweza kuchukua wiki, hata miezi. Isipokwisha, inapasuliwa kwa ndani ya kope, kovu halionekani. Wakikupendekezea sindano ya steroidi ndani ya uvimbe, nayo ni tiba halali mikononi mwa daktari wa macho, lakini muulize kuhusu rangi ya ngozi, kwa kuwa kwa watu wenye ngozi nyeusi inaweza kuacha doa jeupe pale ilipochomwa. Na kwa mtoto mdogo msiache uvimbe mkubwa ukae miezi: unaweza kulikandamiza jicho mpaka likawa halioni sawasawa, na ubongo wa mtoto ukajifunza kulipuuza.

Jambo la mwisho nililolibeba. Mtu anayepata chokea kila mara, hii ikipona ile inakuja, ana kitu kinachoziziba tezi zake siku zote. Mara nyingi ni kope zenye magamba kama mba kwenye mashina ya nywele, na huyo anahitaji kuziosha kope zake kila siku kama anavyopiga mswaki. Huenda pia sukari ya damu imepanda bila yeye kujua, kwa hiyo apimwe kisukari. Na mzee wangu, ukiona uvimbe unarudi mahali pale pale kila unapotolewa, na nywele za kope za hapo zimeanza kudondoka, usikubali kuambiwa ni chokea tu. Omba kipande kipelekwe kupimwa. Tezi hizi za mafuta zina saratani yake, ni nadra, na ujanja wake ni kujifanya chokea.

Mwenye saa, ngapi? Kumi kamili. Mwanangu, toa kitambaa, fumbua jicho taratibu, usilifikiche. Vitambaa hivi nenda navyo. Utavitumia tena kabla ya kulala, na kesho asubuhi, na mchana, na jioni.